Kisukari cha aina ya kwanza: Ugonjwa unaoanza kimya kabla ya dalili, na somo kutoka kwa panya wa maabara

Na Mwandishi Wetu

Mtoto anapogundulika kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, wazazi wengi huuliza swali moja: ugonjwa huu umetoka wapi, ilhali katika ukoo hakuna mwenye kisukari, na mtoto mwenyewe si mnene? Wapo wanaojilaumu kwa soda na peremende, wapo wanaohisi mkono wa mtu, na wapo wanaofikia hatua ya hatari zaidi ya kumwachisha mtoto sindano za insulini huku wakitafuta tiba kwingine.

Sayansi inalo jibu, ingawa halijakamilika. Kisukari cha aina ya kwanza hakisababishwi na kula vitu vitamu. Hutokea pale mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kuulinda mwili dhidi ya vijidudu, unapozigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziharibu kidogo kidogo. Uharibifu huo huanza miezi, na mara nyingi miaka, kabla mtoto hajaanza kulalamika kiu. Siku dalili zinapoonekana si siku ugonjwa ulipoanza, bali ni siku akiba ya mwili ilipokaribia kwisha.

Sehemu kubwa ya maarifa hayo imetokana na wanyama: mbwa, ndama na hasa panya wa maabara. Makala haya yanaeleza kongosho linavyoumbika, wanyama hao wamefundisha nini kuhusu chanzo cha ugonjwa, na kwa nini habari kwamba panya wamepona kisukari haipaswi kumfanya mgonjwa yeyote aache dawa zake.

Kongosho na kazi zake mbili

Kongosho ni kiungo laini chenye urefu wa takriban sentimita 15 kwa mtu mzima, kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Kichwa chake kimekumbatiwa na sehemu ya mwanzo ya utumbo mdogo, na mkia wake unaelekea kwenye bandama. Kwa sababu ya ujirani huo, baadhi ya watu huchanganya kongosho na bandama, ingawa kazi za viungo hivyo viwili ni tofauti kabisa.

Kongosho lina kazi mbili. Sehemu yake kubwa hutengeneza vimeng'enya vinavyomiminwa katika utumbo mdogo ili kusaga wanga, mafuta na protini. Sehemu ndogo, isiyozidi asilimia 1 hadi 2 ya kiungo chote, ni vikundi vya seli vilivyotawanyika ndani yake kama visiwa baharini. Vikundi hivyo vilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869 na Paul Langerhans, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari nchini Ujerumani, na hadi leo huitwa visiwa vya Langerhans.

Ndani ya visiwa hivyo zimo seli za aina mbalimbali. Seli alfa hutoa homoni ya glukagoni, ambayo hupandisha sukari katika damu. Seli beta hutoa insulini, homoni inayowezesha sukari iliyo katika damu kuingia kwenye misuli na tishu za mafuta, na inayolizuia ini kumwaga sukari kupita kiasi. Katika kisukari cha aina ya kwanza, seli beta ndizo zinazoshambuliwa. Majirani zake huachwa, na vimeng'enya vya kusaga chakula huendelea kutengenezwa.

Namna kongosho linavyoumbika

Kongosho huanza kama vichipukizi viwili vinavyojitokeza kwenye ukuta wa utumbo wa kiinitete, kimoja upande wa mgongo na kingine upande wa tumbo. Kwa binadamu hali hii huonekana katika wiki ya nne hadi ya tano ya ukuaji. Kwa panya, ambaye mimba yake huchukua takriban siku 19 hadi 20, vichipukizi huonekana kati ya siku ya 9 na ya 10. Baadaye utumbo hujizungusha, kichipukizi cha upande wa tumbo husogea nyuma, na vyote viwili huungana kuwa kiungo kimoja.

Nani huiamuru sehemu hiyo ya utumbo iwe kongosho, na si tumbo wala ini? Watafiti walipata jibu kwa kuzima jeni moja moja katika viinitete vya panya na kuangalia kitakachokosekana. Mwaka 1994 ilibainika kuwa panya waliozimiwa jeni iitwayo Pdx1 huzaliwa bila kongosho na kufa katika siku chache za mwanzo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1997, ilielezwa habari za mtoto wa binadamu aliyezaliwa bila kongosho, ambaye vipimo vilionesha kuwa nakala zake zote mbili za jeni hiyo hiyo zilikuwa na hitilafu. Kilichoonekana kwa panya kilithibitika kwa binadamu.

Jeni nyingine, Ngn3, hufanya kazi ya kuchagua. Seli changa za kongosho zinapoiwasha kwa muda mfupi, huacha njia ya kuwa seli za vimeng'enya na kufuata njia ya kuwa seli za homoni. Panya waliozimiwa jeni hiyo huwa na kongosho, lakini halina kisiwa hata kimoja, nao hufa kwa kisukari siku chache baada ya kuzaliwa.

Kazi haimaliziki mtoto anapozaliwa. Seli beta huendelea kugawanyika na kuongezeka katika miaka ya mwanzo ya utoto, kisha kasi hiyo hushuka sana. Kwa sababu hiyo mtu mzima huishi kwa kutegemea akiba iliyojengwa mapema, na akiba hiyo ikiharibiwa, mwili hauwezi kuirudisha kwa urahisi. Hapo ndipo maumbile ya kongosho yanapokutana na historia ya ugonjwa.

Kutoka Strasbourg hadi Toronto

Uhusiano kati ya kongosho na kisukari ulithibitishwa mwaka 1889 mjini Strasbourg, wakati huo ukiwa chini ya Ujerumani. Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho wakitaka kufahamu nafasi yake katika usagaji wa chakula. Mbwa huyo akaanza kukojoa kupita kiasi, na mkojo wake ulipopimwa ulikutwa na sukari nyingi. Ikafahamika kwamba kongosho hutoa kitu fulani kinachodhibiti sukari mwilini.

Kukipata kitu hicho kulikuwa kugumu. Kila kongosho liliposagwa, vimeng'enya vyake viliiharibu homoni iliyokuwa ikitafutwa. Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanya majaribio kwa mbwa katika maabara ya Profesa J.J.R. Macleod. Mojawapo ya mbinu zilizowasaidia ilitokana na elimu ya maumbile ya kongosho: walichukua machinjioni kongosho la ndama ambao bado hawajazaliwa, kwa kuwa katika hatua hiyo visiwa vimekwisha kuumbika ilhali vimeng'enya vya kusaga chakula bado ni hafifu.

Januari 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa, alichomwa sindano ya dawa hiyo. Sindano ya kwanza haikumsaidia vya kutosha. Baada ya James Collip kuisafisha dawa, sindano iliyofuata siku chache baadaye ilishusha sukari yake. Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa akihesabiwa miezi. Insulini iliubadilisha ugonjwa wa kifo kuwa ugonjwa wa kuishi nao, ingawa haikueleza kwa nini seli beta hutoweka.

Panya wa Japani na wa Kanada

Ili kuelewa kwa nini seli hutoweka, alihitajika mnyama anayepata kisukari chenyewe, bila kukatwa kongosho wala kupewa sumu. Wanyama hao walipatikana kwa bahati. Mwaka 1974, mjini Ottawa, Kanada, kituo cha kuzalisha wanyama wa maabara kiligundua kwamba baadhi ya panya wake wakubwa walikuwa wakipata kisukari bila sababu iliyoonekana. Kizazi hicho kikaitwa BB.

Mwaka 1980, nchini Japani, Susumu Makino na wenzake katika maabara ya kampuni ya Shionogi walitangaza kizazi kingine. Walikuwa wakizalisha panya wadogo kwa ajili ya utafiti wa mtoto wa jicho, na humo kikajitokeza kizazi cha panya wembamba waliopata kisukari wenyewe. Kizazi hicho kikaitwa NOD, kifupisho chenye maana ya panya wasio wanene wenye kisukari, na tangu hapo kimekuwa msingi wa utafiti wa kisukari cha aina ya kwanza duniani.

Panya wa NOD huugua kwa ratiba inayoweza kufuatiliwa. Akiwa na umri wa wiki tatu hadi nne, seli za kinga huanza kujikusanya pembezoni mwa visiwa vyake. Sukari yake bado ni ya kawaida, anakula na kucheza kama wenzake. Wiki kadhaa baadaye seli hizo huingia ndani ya visiwa. Kuanzia wiki ya 12 hivi, panya mmoja baada ya mwingine huanza kuugua. Hadi kufikia wiki ya 30, majike kati ya asilimia 60 na 80 huwa na kisukari, ilhali madume huwa wachache zaidi.

Ratiba hiyo ndiyo iliyowapa watafiti nafasi ambayo hospitali haiwezi kuitoa. Mgonjwa hufika kwa daktari wakati nyumba imekwisha kuungua. Kwa panya, mtafiti anaweza kurudi nyuma hadi kwenye cheche ya kwanza.

Wiki ya pili ya maisha

Cheche hiyo, kwa mujibu wa ushahidi wa panya, inahusiana na ukuaji wa kongosho lenyewe. Panya anapofikia umri wa takriban wiki mbili, kongosho lake hujipanga upya. Seli beta nyingi hufa kwa mpango wa kimaumbile na nyingine huzaliwa. Jambo hilo hutokea hata kwa panya wasio na ugonjwa wowote, na ni sehemu ya kawaida ya kiungo kukomaa.

Seli zinapokufa, mabaki yake huokotwa na seli za kinga za aina ya doria, ambazo huyabeba hadi kwenye vifundo vya limfu vilivyo jirani na kongosho na kuyaonesha kwa seli za ulinzi ziitwazo seli T. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kuwa vifo hivyo vya kawaida vya seli beta vinatosha kuziamsha seli T zinazozitambua seli hizo. Kwa panya wa kawaida, tukio hilo hupita bila madhara kwa kuwa mwili una njia nyingi za kuzituliza seli kaidi. Kwa panya wa NOD, utulivu huo haupatikani.

Jaribio jingine, lililofanyika nchini Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2002, linaonesha umuhimu wa muda. Panya wa NOD walipoondolewa vifundo vya limfu vya kongosho wakiwa na wiki tatu, walikingwa dhidi ya kisukari. Vifundo hivyo vilipoondolewa wakiwa na wiki kumi, haikusaidia, kwani seli T zilikuwa zimekwisha kufundishwa na kusambaa. Ugonjwa uliotazamiwa kuonekana baada ya miezi mitatu ulikuwa umeamuliwa katika mwezi wa kwanza.

Kwa nini kinga hukosea

Seli T hupewa mafunzo katika tezi ya thaimasi, iliyo kifuani juu ya moyo. Humo huoneshwa vipande vya protini za mwili wenyewe, ikiwemo insulini, na zile zinazovishambulia kwa nguvu huangamizwa kabla hazijatoka. Insulini ikioneshwa kwa kiasi kidogo katika tezi hiyo, seli hatari hupata mwanya wa kupita. Kwa binadamu, tofauti ya kurithi iliyo jirani na jeni ya insulini huathiri kiasi hicho: wale ambao thaimasi yao huonesha insulini kwa wingi zaidi wana uwezekano mdogo wa kupata kisukari cha aina ya kwanza.

Sababu ya pili ni molekuli zinazobeba vipande vya protini na kuvionesha kwa seli T. Molekuli za aina hii za panya wa NOD zina badiliko la asidi amino katika nafasi ya 57, na molekuli ya binadamu iitwayo DQ8, ambayo huongeza hatari ya ugonjwa huu, ina badiliko katika nafasi hiyo hiyo. Viumbe hao wawili wako mbali kiukoo, lakini udhaifu wao unafanana.

Insulini yenyewe inaelekea kuwa shabaha ya mwanzo kwa panya. Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walizalisha panya wa NOD ambao insulini yao ilibadilishwa asidi amino moja tu, katika sehemu inayotambuliwa na seli T. Homoni hiyo iliendelea kufanya kazi, na panya hao hawakupata kisukari.

Hata hivyo, kurithi si kuhukumiwa. Pacha wanaofanana kabisa hushiriki jeni zote, lakini mara nyingi mmoja huugua na mwenzake akabaki mzima. Mazingira nayo yana sehemu yake. Panya wa BB wa tawi lisilougua kwa kawaida hupata kisukari wanapoambukizwa kirusi cha panya kiitwacho Kilham. Kwa binadamu, virusi vya jamii ya entero vimehusishwa na ugonjwa huu katika tafiti nyingi. Kinyume chake, panya wa NOD wanaofugwa katika mabanda safi yasiyo na vijidudu huugua zaidi kuliko wale wanaofugwa katika mabanda ya kawaida. Matokeo haya yasitafsiriwe kuwa uchafu ni kinga kwa mtoto. Yanaonesha tu kwamba mfumo wa kinga hutegemea mengi katika siku zake za mwanzo.

Panya si binadamu

Ikumbukwe kuwa njia zaidi ya mia moja zimeripotiwa kuzuia au kuchelewesha kisukari kwa panya wa NOD. Iwapo kila moja ingefanya kazi kwa binadamu, ugonjwa huu ungekuwa umekwisha.

Mifano miwili inatosha. Nikotinamidi, ambayo ni aina ya vitamini ya kundi B, iliwakinga panya. Ilipojaribiwa kwa ndugu wa wagonjwa katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2004, haikuzuia ugonjwa. Insulini ya kumeza nayo iliwasaidia panya, lakini majaribio makubwa kwa watu walio katika hatari hayakuonesha kuwa inazuia kisukari.

Sababu za tofauti hizo zinaeleweka. Panya wa NOD ni wa ukoo mmoja unaofanana kijeni, ilhali binadamu ni wa aina nyingi. Visiwa vya panya hao huzingirwa na seli nyingi za kinga, ilhali vya binadamu huonekana na seli chache na kwa mtawanyiko usio sawa. Mpangilio wa visiwa wenyewe ni tofauti: kwa panya seli beta hukaa katikati na nyingine pembezoni, kwa binadamu huchanganyika. Aidha, majike ya panya huugua zaidi, jambo ambalo halionekani hivyo kwa watoto wa binadamu. Zaidi ya yote, tiba nyingi zilizofaulu zilitolewa kwa panya wachanga kabla ugonjwa haujaota mizizi.

Pamoja na hayo, ipo njia moja iliyofika mwisho wa safari. Mwaka 1994, Lucienne Chatenoud na wenzake mjini Paris walionesha kuwa kingamwili inayoilenga sehemu ya seli T iitwayo CD3 iliwarudishia panya wa NOD sukari ya kawaida hata baada ya kuugua. Kazi hiyo na nyingine zilizofuata zilizaa dawa ya teplizumabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ukihusisha ndugu wa wagonjwa 76 waliokuwa katika hatari kubwa, muda wa kati hadi kugunduliwa kwa kisukari ulikuwa takriban miezi 48 kwa waliopewa dawa hiyo na takriban miezi 24 kwa wasiopewa. Novemba 2022, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa watu wenye umri wa miaka 8 na kuendelea walio katika hatua ya pili ya ugonjwa. Kutoka kwa panya hadi kibali, imechukua miaka 28. Na hata hivyo dawa hiyo huchelewesha kisukari, haikiponyi.

Hatua tatu za ugonjwa

Elimu hii imebadilisha namna madaktari wanavyouhesabu ugonjwa. Katika hatua ya kwanza, damu ya mtu ina kingamwili za aina mbili au zaidi dhidi ya visiwa vya kongosho, lakini sukari yake ni ya kawaida. Katika hatua ya pili, sukari huanza kuyumba bila dalili. Katika hatua ya tatu, dalili hujitokeza. Utafiti wa watoto waliofuatiliwa tangu utotoni nchini Finland, Ujerumani na Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, ulionesha kuwa takriban asilimia 70 ya watoto wenye kingamwili mbili au zaidi walifikia hatua ya tatu ndani ya miaka 10. Kimya alichokuwa nacho panya wa wiki nne, mtoto anaweza kuwa nacho kwa miaka.

Hali ya Afrika

Ni muhimu kutambua kuwa picha iliyoelezwa hapo juu imechorwa zaidi kwa takwimu za Ulaya na Marekani Kaskazini. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa vijana waliogundulika kuwa na kisukari cha aina ya kwanza nchini Kameruni, Uganda na Afrika Kusini. Kati ya washiriki 894, takriban asilimia 65 hawakuwa na kingamwili za kawaida zinazoashiria kinga kujishambulia. Maana yake ni kwamba huenda katika ukanda wetu ipo aina ya kisukari kinachohitaji insulini ambacho chanzo chake ni tofauti.

Jambo hili lina uzito kwa wananchi na kwa wapanga sera. Dawa zinazotuliza kinga, kama teplizumabu, zimebuniwa kwa wagonjwa ambao kinga yao inajishambulia. Bila vipimo na tafiti za hapa hapa, haitajulikana nani kati ya wagonjwa wetu angenufaika nazo. Ni hoja inayoonesha kwa nini kuwekeza katika maabara na kumbukumbu za wagonjwa si anasa.

Wananchi wanapaswa kufanya nini

Wazazi, walezi na walimu wanashauriwa kuzijua dalili za kisukari kwa mtoto: kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kuanza tena kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha, kupungua uzito ilhali anakula, na uchovu. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe katika kituo cha afya siku hiyo hiyo na mzazi aombe apimwe sukari. Kipimo ni tone la damu kutoka kidoleni na majibu hupatikana papo hapo. Kwa mtu mwenye dalili, sukari ya milimoli 11.1 kwa lita au zaidi katika muda wowote wa siku huashiria kisukari.

Akianza kutapika, kulalamika maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, kutoa pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, au kusinzia kusiko kwa kawaida, hiyo ni dharura. Mwili umekosa insulini kiasi cha kuchoma mafuta na kujaza tindikali katika damu. Dalili hizo hufanana na za malaria kali au nimonia, na kuna hatari ya mtoto kutibiwa ugonjwa mwingine huku sukari ikipanda. Kipimo cha sukari kisisahauliwe hata pale kipimo cha malaria kinapoonesha vimelea, kwa kuwa magonjwa mawili yanaweza kumpata mtoto mmoja kwa wakati mmoja.

Kwa aliyekwisha kugundulika, insulini ni lazima kila siku, na haipaswi kusimamishwa hata anapougua na kushindwa kula vizuri; badala yake apelekwe kwa wataalamu ili dozi irekebishwe. Baada ya kuanza matibabu, wapo wagonjwa wanaopata nafuu ya muda, mahitaji yao ya insulini yakapungua kwa wiki au miezi kadhaa. Hali hiyo hutokana na seli beta chache zilizosalia kupata ahueni. Wengi huidhania kuwa uponyaji, hasa kama mgonjwa alikuwa akitumia na dawa nyingine pembeni, na hapo ndipo maisha hupotea. Nafuu hiyo hupita.

Insulini ambayo haijafunguliwa ihifadhiwe katika nyuzi joto 2 hadi 8 bila kugandishwa. Kwa familia zisizo na jokofu, chungu cha udongo chenye maji kilichowekwa kivulini hupunguza joto kwa kiasi kinachosaidia, na wahudumu wa afya wanaweza kuelekeza namna ya kukitumia.

Mwisho, taarifa za "tiba ya kisukari imepatikana" zitaendelea kusambaa katika simu zetu. Kabla ya kuziamini au kuzisambaza, mwananchi ajiulize maswali matatu. Aliyepona ni panya au ni binadamu? Alipewa dawa kabla ya kuugua au baada ya kuugua? Na je, baada ya matibabu hayo, bado anahitaji insulini? Taarifa isiyojibu maswali hayo iachwe ilipo, na mgonjwa aendelee na sindano yake kama alivyoelekezwa na daktari.